Nani Hakuwepo Jumuiya Ilipovunjika?

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Dibaji yake inaeleza kwa nini Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977. Utashi wa kisiasa ulikuwa dhaifu. Manufaa hayakugawanywa sawa. Katikati ya sababu hizo mbili imo ya tatu, ambayo wasomaji wengi huipita haraka: sekta binafsi na asasi za kiraia hazikushirikishwa vya kutosha. Hiyo ndiyo niliyoamua kuifuata hadi ilikotoka. Je, ni kweli wafanyabiashara hawakuwepo?

Simulizi tulizozizoea hazisaidii. Ile ya vijiweni inasema wakubwa waligombana, mpaka ukafungwa, basi. Ile ya madarasani inasema Kenya ilikuwa na viwanda vingi kuliko Uganda na Tanzania, na mizani ya biashara ikalemea upande mmoja. Zote mbili zina ukweli ndani yake. Lakini mwenye kiwanda haonekani katika hata moja, wala mhadhiri wa uchumi, wala mwenye duka la jumla. Soko la pamoja la nchi tatu liliendeshwaje miaka yote hiyo bila wao?

Nilianza na karatasi za zamani. Kenya na Uganda zilikuwa na umoja wa forodha tangu 1917, na kufikia 1927 Tanganyika nayo ilikuwa imeingia. Mwaka 1961 tume ya wataalamu wa uchumi ilikagua soko hilo. Iliona kwamba viwanda na mitaji vinavutwa Nairobi, na kwamba wengine wanahitaji kufidiwa. Ikapendekeza mfuko wa pamoja: asilimia 6 ya mapato ya forodha na ushuru wa bidhaa, pamoja na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya kampuni za viwanda na fedha. Nusu ya mfuko iendeshe huduma za pamoja, nusu igawanywe sawa kwa nchi tatu. Kwa hiyo miaka 16 kabla ya kuvunjika, wasomi walikuwa wameshaliona tatizo na kuliandika kwa tarakimu. Ushauri wao uliishia wapi?

Jibu la kwanza lilinipeleka Kampala, mwaka 1964. Hapo nchi tatu zilikaa kugawana viwanda ambavyo soko la wakati huo lilitosha kimoja tu cha kila aina. Orodha yenyewe inastahili kusomwa polepole. Tanganyika ipewe matairi na mirija ya magari, uunganishaji wa redio, na mabati ya alumini. Uganda ipewe baiskeli na mbolea. Kenya ipewe balbu za umeme. Mtu anayeisoma leo anaweza kuwaona watu mezani wakihesabu tairi kwa balbu, baiskeli kwa redio. Makubaliano hayo hayakuidhinishwa na nchi zote tatu. Yalipokosa nguvu, nani aliamua tairi litengenezwe wapi?

Hapo nikakwama. Nilipekua majarida ya kibiashara ya miaka hiyo nikitafuta sauti ya wenye viwanda kuhusu makubaliano ya Kampala. Nilikuta matangazo, bei za katani na kahawa, ratiba za meli. Mjadala haukuwemo. Ningeweza kuhitimisha hapo kwamba dibaji imesema kweli, wafanyabiashara walikaa pembeni. Lakini je, mtu asiyesikika kwenye kikao cha wazi ndiyo kusema hayupo?

Matairi yenyewe yanajibu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kulikuwa na kiwanda cha matairi Arusha, na kingine Nairobi. Kati yake ni mwendo wa saa chache kwa lori, kwa barabara inayopita mpakani Namanga. Mitambo ya matairi ni ghali, na bei ya kila tairi hushuka pale tu mashine zinapozalisha kwa wingi. Viwanda viwili katika soko la kimoja maana yake kila kimoja kinahitaji kulindwa dhidi ya jirani yake. Na kila kimoja kilijengwa kwa mtaji na ufundi wa washirika wa nje, waliozungumza na serikali moja moja. Hawa walikuwepo. Walikuwa kwenye korido za wizara, kila mmoja katika nchi yake. Kwa nini hapakuwa na meza moja ya kuwakutanisha?

Niligeukia mkataba wa Juni 1967, ulioiunda Jumuiya ya kwanza, ambao ulitokana na kazi ya tume iliyoongozwa na profesa wa uchumi kutoka Denmark. Ni mkataba wenye akili nyingi, na ninasema hivyo kwa moyo mweupe. Uliruhusu nchi yenye nakisi kutoza bidhaa za jirani kodi maalumu, isiyozidi nusu ya ushuru wa forodha, ili viwanda vyake vichanga vipumue. Uliunda benki ya maendeleo yenye makao Kampala, iliyotakiwa kuelekeza asilimia 38.75 ya uwekezaji wake Tanzania, kiasi hichohicho Uganda, na asilimia 22.5 Kenya. Ukaunda mabaraza matano, likiwemo la soko la pamoja na la mipango ya uchumi. Viti vyake vilikuwa vya mawaziri. Mkulima wa pamba, mwenye kiwanda na mhadhiri hawakuwekewa kiti. Basi wasomi nao, waliousanifu mfumo huu, walikuwa wapi ulipoanza kutetereka?

Nyumba yao ilishabomoka. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa 1963 kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, kiligawanywa kuwa vyuo vitatu Julai 1970. Sarafu ya pamoja ilikuwa imeachwa tangu 1966. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977. Mfuatano huu unaisumbua simulizi ya vijiweni, maana nyuzi zilikatika moja moja muda mrefu kabla ya ugomvi mkubwa. Lakini kama kila uzi ulikatika, walioshona upya baadaye walishika nini?

Hapa kumbukumbu zilinishangaza. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na mali za Jumuiya ziligawanywa rasmi Mei 1984, baada ya usuluhishi wa mwanadiplomasia wa Uswisi. Ila ndani ya kipindi hicho cha milango kufungwa, mwaka 1980, mambo mawili yalifanyika: benki ile ya Kampala ilipewa hati mpya, na vyuo vikuu vikakubaliana kuwa na baraza la kuviunganisha. Magendo nayo hayakukoma. Kahawa ya Uganda iliyovushwa hadi Chepkube, upande wa Kenya, ilitajirisha watu huku forodha ikitazama. Mwaka 1997, miaka miwili kabla ya mkataba mpya, wafanyabiashara wa nchi tatu waliunda baraza lao la kanda. Je, hawa ndio waliofufua Jumuiya?

Sithubutu kusema hivyo. Makubaliano ya 1984 yenyewe yaliacha kifungu kinachozitaka nchi zitafute maeneo mapya ya kushirikiana, na waliotia saini walikuwa viongozi wa serikali. Ninachokikataa ni neno la dibaji likisomwa kijuujuu. Sekta binafsi ilikuwepo. Wenye uwezo walibisha hodi serikalini faraghani, wasio nao walivuka usiku. Sasa kiti kipo: baraza la wafanyabiashara limepewa hadhi ya mwangalizi katika vikao vya Jumuiya. Anayekikalia ni nani?

Namanga kuna kituo cha huduma za pamoja mpakani kwa Kenya na Tanzania. Mama anayevusha maharage yenye thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kujaziwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa, bidhaa yake ikiwa kwenye orodha iliyokubaliwa. Nilimkuta mmoja amekiegemeza cheti chake juu ya gunia akisubiri muhuri. Nilimuuliza kama chama chochote cha wafanyabiashara kiliwahi kumuuliza orodha hiyo iwe na nini. Alisema hapana, kisha akanitajia papo hapo bidhaa ambazo yeye na wenzake wangeziongeza. Orodha ijayo itakapopangwa, nani atakwenda kumuuliza?