Abiria wa Mapajani: Historia Fupi ya Likizo na Mtoto Mchanga

Kila ifikapo Desemba, mabasi yanapoanza kujaa kuelekea Moshi, Bukoba, Mbeya na Songea, mjadala mmoja hurejea katika nyumba nyingi za mijini: mtoto aliyezaliwa mwaka huu aende au asiende? Wapo wasemao kwamba mtoto wa miezi minane hana faida yoyote na safari ya kutwa nzima. Atachoka, ataugua, na hatakumbuka chochote. Wapo wajibuo kwamba bibi yake hajamwona, na uzee haungoji ratiba ya mwajiri. Mjadala huu huchukuliwa kuwa suala la ndani, la mume, mke na mama mkwe, na ukiandikwa gazetini huwekwa katika ukurasa wa malezi, jirani na mapishi.

Makala haya yanajenga hoja kwamba suala hili lina historia ya kisiasa. Kwa takriban karne moja, jibu lake limekuwa likitolewa na mwajiri na dola kabla wazazi hawajakaa kitako kujadiliana. Walioruhusiwa kusafiri na watoto wao na walionyimwa hawakupishana kwa mapenzi ya uzazi. Walipishana kwa namna mshahara wao ulivyokokotolewa: mmoja alilipwa kama mzazi, mwingine kama mseja. Hesabu hiyo bado inaishi katika sheria zetu za kazi.

Kabla ya kuwapo mshahara na likizo, jamii zetu zilikuwa na kanuni zao kuhusu mtoto na safari. Katika miji ya pwani, mama na mwanawe walikaa ndani hadi arobaini itimie. Baada ya hapo mtoto alitolewa nje, akaonwa na watu. Kwingineko mama alirudi kwao kujifungua, hasa uzazi wa kwanza, akakaa chini ya uangalizi wa mama yake. Mtoto alisafiri mgongoni, ndani ya mbeleko, karibu na ziwa. Kanuni hizi zilitofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini zilikubaliana katika mambo mawili: upo wakati wa mtoto kutulia na upo wakati wa kumpeleka kwa watu wake. Safari ya mtoto ilikuwa tendo la kumtambulisha katika ukoo. Hakuna aliyeuliza kama angeikumbuka.

Ukoloni ulileta kalenda nyingine, na kalenda hiyo ilikuwa na kurasa mbili.

Ukurasa wa kwanza ni wa ofisa wa Kizungu. Ofisa wa Kiingereza katika Tanganyika au Kenya alitumikia zamu yake ya miaka kadhaa, kisha akapewa likizo ya miezi kadhaa ya kurudi kwao, na gharama ya meli ikabebwa na serikali. Kadiri miaka ilivyosonga, masharti ya ajira yalizidi kuijumuisha familia yake. Likizo hiyo ilitetewa kwa hoja za kitabibu. Madaktari wa zama hizo waliamini kwamba jua la tropiki huharibu neva za Mzungu. Ndiyo sababu ya zile kofia ngumu za jua, na ndiyo sababu ya kuthaminiwa kwa miji ya milimani yenye baridi. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuijenga Wilhelmsthal, ambayo leo ni Lushoto, katika Milima ya Usambara. Mtoto wa Kizungu alihesabiwa kuwa dhaifu kuliko wote: apelekwe milimani, na akifika umri wa shule apelekwe Ulaya. Kwa familia hizi, kusafiri na mtoto lilikuwa jambo la sera, lenye fungu lake katika bajeti.

Tusisahau nani alimbeba mtoto huyo. Alikuwa yaya wa Kiafrika, na watoto wa yaya, kama alikuwa nao, walibaki kulelewa na ndugu zake. Safari ya mtoto mmoja iliwezekana kwa sababu mama wa watoto wengine alikuwa mbali na kwake.

Ukurasa wa pili ni wa kibarua. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalitegemea watu waliotoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wangoni kutoka Songea, Wabena kutoka Njombe, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Burundi na Rwanda. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika miongo iliyofuata ilisafirisha maelfu ya watu kuelekea mashariki. Mwaka 1944 wamiliki wa mashamba waliunda ofisi yao ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU, ili kuratibu usafirishaji huo. Kibarua alifanya kazi kwa kipande cha siku 30, na siku ambayo hakufanya kazi haikuhesabiwa. Mapumziko kwake yalikuwa na maana moja: kukosa mshahara.

Hesabu ya mshahara wake ndiyo kiini cha jambo hili. Mwajiri alikadiria chakula, nguo na kodi ya mtu mmoja. Gharama ya kumzaa mtoto, kumnyonyesha, kumtibu na kumlea ilidhaniwa kubebwa na shamba la kijijini, yaani na jembe la mama. Wapo manamba waliosafiri na wake zao, na baada ya Vita Kuu ya Pili waajiri kadhaa waliona faida ya kuruhusu familia, kwa kuwa mwenye familia hatoroki kirahisi. Hata hivyo, msingi wa malipo ulikuwa mseja. Nchini Kenya jambo hili lilikubaliwa na serikali yenyewe: kamati ya mishahara ya Waafrika iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipendekeza mwaka 1954 kwamba mshahara wa mseja uachwe hatua kwa hatua, na nafasi yake ichukuliwe na mshahara wa mtu mwenye familia. Kumbe ilijulikana kwamba baba aliyekuwa hamtembelei mwanawe hakuwa amemsahau. Alikuwa amelipwa kana kwamba hana mtoto.

Kuna mfano unaoonekana kwenda kinyume, nao unatoka Katanga, mahali ambapo Kiswahili kilikua kuwa lugha ya migodi na kambi za wafanyakazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière iliachana na utaratibu wa kuleta wanaume kwa mikataba mifupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao, ikitoa posho ya chakula na kufungua zahanati za watoto. Kwa mtazamo wa haraka, huo ni ubinadamu. Lakini kampuni ilikuwa imepiga hesabu: mchimbaji mwenye familia hukaa, na mtoto wa kambini ni mchimbaji wa kesho. Katika Kongo ya Wabelgiji wapo hata madaktari waliowahimiza kina mama kufupisha muda wa kunyonyesha ili uzazi usipishane kwa miaka mingi. Mtoto alikaribishwa, ila akaingizwa katika daftari la mwajiri. Katika mkonge alifutwa kwenye hesabu, katika shaba akaandikwa kama mtaji, na pande zote mbili wazazi hawakuulizwa.

Wakati huohuo, duniani likizo ilikuwa inageuka kuwa haki. Nchini Ufaransa, serikali ya Front populaire ilipitisha mwaka 1936 sheria ya likizo ya wiki 2 yenye malipo, na wafanyakazi wakapatiwa tiketi za treni za bei nafuu. Familia nyingi ziliona bahari kwa mara ya kwanza. Mwaka huohuo Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 52 kuhusu likizo yenye malipo. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika Ibara ya 24, linamtambulia kila mtu haki ya mapumziko na ya likizo za mara kwa mara zenye malipo. Kibarua wa Korogwe alikuwa bado anahesabu kipande.

Uhuru ulirithi kurasa zote mbili, na hapa ndipo mtumishi wa umma wa leo anapaswa kusoma kwa makini. Nauli ya likizo anayodai kila baada ya miaka miwili kwa ajili yake, mwenza wake na watoto wanaomtegemea ina asili yake katika stahili za ofisa wa kikoloni. Taifa huru lilifanya jambo jema: lilichukua upendeleo wa wachache na kuufungua kwa mwalimu, muuguzi na karani. Reli iliyowahi kuwashusha manamba mashariki ikawapandisha watumishi na watoto wao kwenda Kigoma kusalimia wazee. Lakini haki isiyolipwa kwa wakati hubaki maandishi. Walimu wamekuwa wakiitaja nauli ya likizo katika orodha ya malimbikizo yao kwa miaka mingi. Ofisa anayechelewesha malipo hayo huona faili. Asichokiona ni bibi aliyefariki kabla ya kumpakata mjukuu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwenda mbali zaidi kwa kuwagusa waajiriwa wa sekta binafsi pia. Inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Anayenyonyesha anaruhusiwa hadi saa 2 kwa siku kwa ajili hiyo. Baba hupewa siku 3, nazo zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2006, inampa baba siku 4 za kazi. Kenya, kwa sheria ya mwaka 2007, inampa wiki 2.

Zitazame siku hizo 3 kwa jicho la historia. Mama anajifungua, na kwa kuwa nyumba ya mjini haina msaidizi wa kumtosha, anapanda basi na kichanga chake kwenda kwa mama yake. Baba anamsindikiza hadi kituoni, kisha anarudi kazini. Atamwona mwanawe likizo ikipatikana, akiwa ameanza kukaa au kutambaa. Ndugu msomaji, mpangilio huu tumekwisha kuuona: mwanaume kwenye kituo cha kazi, mama na mtoto kijijini, na gharama ya malezi juu ya mgongo wa bibi. Tulimfuta manamba katika msamiati, tukambakiza katika kalenda ya baba. Haya yanatendeka ilhali Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Ibara yake ya 18 inawatambua wazazi wote wawili kuwa na wajibu wa pamoja wa malezi.

Chini ya hao wenye siku 3 wapo wasio na siku hata moja: mama lishe, mwendesha bodaboda, machinga. Na yupo dada wa kazi, ambaye sheria ya 2004 haikumwacha nje ingawa desturi zetu zimemwacha. Familia ya mjini ikisafiri Desemba na mtoto mdogo, mara nyingi yeye ndiye ambebaye. Tuulize likizo yake ni lini, na kama ana mtoto, nani anampeleka mama huyo kumwona. Ukurasa wa yaya wa kikoloni haujafungwa. Umehamia sebuleni mwetu.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi hawawezi kulitatua peke yao, nalo ni usalama wa chombo. Mtoto mdogo ni abiria wa mapajani. Mara nyingi hana kiti, hana mkanda, na mara nyingi hana jina katika orodha ya wasafiri. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, taifa lilipoteza mamia ya watu, na hadi leo idadi yao kamili inabishaniwa. Nchi isiyomwandika mtoto anapopanda chombo haitajua imempoteza nani.

Je, basi, mtoto apelekwe? Jibu langu ni ndiyo, kwa masharti ambayo wazee wangeyaelewa. Arobaini ilikuwa na hekima: kichanga cha siku chache kitulie. Akikomaa, asafiri na kadi yake ya kliniki, chanjo zikiwa zimekamilika kwa umri wake. Anayetoka kwenye baridi ya Makete kwenda tambarare zenye mbu hana kinga ya malaria waliyo nayo wenyeji, basi alale ndani ya chandarua, na homa yoyote ipelekwe kupimwa siku hiyohiyo. Anayenyonya anacho chakula safi njia nzima. Safari ndefu ikatwe vipande pale uwezo unaporuhusu. Ama kwa hoja kwamba hatakumbuka, ni kweli hatakumbuka, lakini yeye atakumbukwa, na huko ndiko kuwa na ukoo.

Masharti yaliyobaki hayamo mikononi mwa wazazi. Wanaharakati wadai siku za baba ziongezwe hadi zifanane na wajibu wa baba. Watumishi wanaoidhinisha malipo walipe nauli ya likizo kabla ya likizo, isisubiri kuwa deni la kustaafu. Mamlaka za usafiri zimtake kila abiria aandikwe, hata wa siku arobaini na moja. Wanafunzi wa historia nao waende kwenye nyaraka za mkonge na reli wakatafute watoto ambao hesabu za mishahara ziliwaacha. Tukiyafanya hayo, wazazi watabaki na swali dogo la kujadiliana Desemba: tuondoke na basi la alfajiri au la jioni?