Kiswahili katika Bunge la Kenya: Ulimi na Kalamu

Historia ya Kiswahili katika Bunge la Kenya ni historia ya lugha iliyopewa ulimi ikanyimwa kalamu. Mwezi Julai 1974, Rais Jomo Kenyatta aliagiza kwamba mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili, na Katiba ikarekebishwa ili kulitekeleza agizo hilo. Hata hivyo, miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge akawa anajadili kwa lugha moja mswada uliotungwa kwa nyingine. Marekebisho ya mwaka 1975 yalihalalisha hali hiyo, na yale ya 1979 yakaruhusu lugha zote mbili mijadalani.

Katiba ya mwaka 2010 ilikipandisha Kiswahili hadhi: Ibara ya 7 inakitambua kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Lakini Ibara ya 259 inaeleza kwamba matoleo ya Katiba yakihitilafiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Hapo ndipo penye kiini cha suala letu. Lugha huwa rasmi kwa hakika pale mwananchi anapoweza kuitegemea mbele ya hakimu. Ile ambayo sheria haiipi neno la mwisho hubaki kuwa mkalimani tu.