Fleti mpya ya Sh6 milioni hainunuliwi kwa Sh6 milioni

Bango liko kando ya barabara Syokimau, nje kidogo ya Nairobi: fleti mpya, vyumba viwili, Sh6 milioni. Mnunuzi anajumlisha akiba ya Sacco na mkopo wa benki, anaona zinatosha. Wiki chache baadaye wakili anamwambia atafute karibu laki nne zaidi.

Pesa hizo zinatoka wapi?

Nyingi ni ushuru wa stempu. Kenya hutoza asilimia 4 ya thamani ya nyumba mijini na asilimia 2 mashambani. Kwa fleti hii ni Sh240,000, na anayelipa ni mnunuzi, kupitia KRA, kabla ya umiliki kusajiliwa kwa jina lake.

Kinachowashtua wengi ni kwamba thamani hiyo hukadiriwa na mthamini wa serikali. Akisema fleti ni ya Sh6.5 milioni, ushuru unapanda hadi Sh260,000, hata kama mkataba unasema Sh6 milioni.

Wanaonunua nyumba yao ya kwanza katika mpango wa serikali wa nyumba za bei nafuu husamehewa ushuru huu. Lakini si kila fleti ya bei ya chini imo kwenye mpango huo, hata wauzaji wakipenda kulitumia jina hilo.

Kisha kuna wakili. Sheria imeweka kiwango cha chini cha ada yake, na juu yake kuna VAT ya asilimia 16. Mikataba mingine humtaka mnunuzi amlipe hata wakili wa mwenye mradi, kwa hivyo kipengele hicho kisomwe kabla ya kutoa amana. Bei ya nyumba ya kuishi yenyewe haitozwi VAT; ikiongezwa, mnunuzi ana haki ya kuuliza.

Mwenye mkopo ana bili zake: ada ya benki, mthamini, wakili wa benki, bima, na ushuru wa stempu wa asilimia 0.1 ya mkopo. Kwa mkopo wa Sh5 milioni, huo ni Sh5,000 tu.

Hasara kubwa huwapata wanaonunua nyumba ikiwa bado kwenye ramani. Wanalipa huku na kule: awamu za fleti, na kodi ya wanakoishi. Ujenzi ukichelewa miezi sita, kodi ya Sh25,000 imekula Sh150,000 ambazo hazikuwa kwenye hesabu. Mkataba unafaa kutaja tarehe ya kukabidhi nyumba na fidia ya kuchelewa.

Na baada ya kupewa funguo? Ada ya kila mwezi ya walinzi, lifti, taka na maji ya kisima. Sh5,000 kwa mwezi ni Sh60,000 kwa mwaka, na huendelea hata mkopo ukiisha. Kiasi hicho, na nani anaruhusiwa kukipandisha, kiombwe kwa maandishi mapema.