Joseph Fourier na Chuma cha Moto

Wenzetu wanaofundisha katika shule kubwa wanajua jambo hili: mwanafunzi anaweza kumaliza ekwasio diferensiali vizuri sana, bila kufahamu inasema nini. Historia ya Joseph Fourier yaweza kutusaidia.

Alizaliwa Auxerre, Ufaransa, mwaka 1768, mtoto wa fundi mshonaji. Wazazi wake walikufa angali mdogo, nao Wabenedikto wakamfundisha katika shule yao. Mwaka 1787 akaingia novisiati ya Saint-Benoît-sur-Loire. Mwaka 1789 akatoka kabla ya kuweka nadhiri. Mwaka 1795 alisoma Paris kwa Lagrange, na mwaka 1797 akashika nafasi yake ya ualimu katika École Polytechnique.

Baadaye, alipokuwa mtawala wa jimbo huko Grenoble, alichunguza namna joto linavyotembea katika chuma. Ekwasio yake yasema: joto hutoka penye moto, huenda penye baridi. Lakini neno hilo peke yake halitoshi. Weka ncha mbili za chuma katika barafu: chuma chote kitapoa kama barafu. Zifunike ncha hizo, na ubavu wake pia, joto lisitoke: litaenea mpaka liwe sawa pote. Sheria ni ile ile, mwisho si ule ule. Basi ni lazima kuuliza kwanza: mwanzoni joto lilikuwaje, na mipakani kuna nini?

Fourier aligawanya joto la mwanzo kuwa mawimbi mengi, kila moja likifuata sharti la mipaka. Wimbi lenye mikunjo mingi huzimika upesi, lenye michache hukawia. Kisha akayajumlisha tena.

Desemba 1807 akapeleka kazi yake Paris. Lagrange, mwalimu wake wa zamani, akaikataa jumla ile. Mwaka 1812 Fourier akapewa tuzo, ila waamuzi wakasema uthibitisho una upungufu. Kitabu chake kikatoka mwaka 1822 tu. Tena waamuzi hawakusema bure: ni Dirichlet, mwaka 1829, aliyeonyesha ni kwa masharti gani jumla ile ni ya hakika.

Ndugu walimu, mwanafunzi akituletea jibu ambalo sisi hatukulizoea, tumdai uthibitisho, ndiyo haki. Lakini tusimrudishe mikono mitupu. Na kabla ya kumpa kanuni yoyote, tumzoeze kuuliza: mipakani kuna nini?