Goti bandia: Kazi kubwa humsubiri mgonjwa nyumbani

MAUMIVU ya goti yanapomnyima mtu usingizi na kumzuia kufika hata sokoni, huku dawa, mazoezi na kupunguza uzani vikiwa vimeshindwa kumpa nafuu, daktari wa mifupa huenda akapendekeza goti hilo libadilishwe. Katika upasuaji huo, unaochukua kati ya saa moja na mbili, ncha zilizolika za mfupa wa paja na wa muundi hukatwa kidogo na kuvikwa chuma, kisha kipande cha plastiki ngumu huwekwa katikati kuchukua nafasi ya gegedu. Mengi ya magoti yanayotumika leo yametokana na muundo uliobuniwa na John Insall na wenzake jijini New York mnamo 1974. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2019 ulikadiria kuwa magoti 82 kati ya 100 hudumu kwa miaka 25.

Hata hivyo, kwa mkazi wa Kakamega anayejiandaa kwa upasuaji huu, jambo la kwanza kuangalia si chuma bali choo. Goti bandia kwa kawaida hukunjika hadi digrii 110 au 120 hivi, ilhali kuchutama juu ya choo cha shimo kunahitaji zaidi ya hapo. Mgonjwa anayerejea nyumbani bila kulitafakari hili hulazimika ama kulitesa goti jipya au kujizuia kula na kunywa ili asiende haja, na yote mawili ni hatari. Fundi seremala yeyote anaweza kuunda kiti cha mbao chenye tundu na mikono ya kushikilia, kirefu kiasi kwamba mtu akikikalia nyonga yake iwe juu kidogo ya goti. Kiti hicho kiwe tayari kabla ya siku ya kulazwa. Vigoda vya jikoni na makochi yanayozama yawekwe kando kwa miezi michache.

Kisha kuna matope. Eneo la Kakamega hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mtu mwenye mikongojo hana uwezo wa kujishika anapoteleza. Kijia cha kuelekea chooni kimwagwe kokoto au changarawe, na usiku mgonjwa ajisaidie ndani ya nyumba.

Upande wa mwili, adui mkubwa ni maambukizi. Bakteria wakishafika kwenye chuma ni vigumu kuwaondoa, na wakati mwingine goti lote hung'olewa. Ndiyo maana meno yaliyooza, vidonda vya miguu, fangasi kati ya vidole na hata funza hutibiwa kwanza. Mwenye kisukari hutakiwa kukidhibiti kwa miezi kadhaa, na mvutaji sigara huombwa kuacha angalau wiki nne kabla. Aliyedungwa sindano ya kutuliza maumivu ndani ya goti husubiri miezi mitatu hivi. Kiwango cha damu hupimwa, na magharibi mwa Kenya, ambako ugonjwa wa selimundu umeenea, ni busara kupimwa ugonjwa huo pia, kwa kuwa hubadilisha namna ya kutoa nusukaputi na kufunga mguu wakati wa upasuaji. Daktari aelezwe kuhusu dawa zote zinazotumika, zikiwemo za miti shamba, ambazo wagonjwa wengi huona haya kuzitaja.

Gharama nayo isiachwe hadi dakika ya mwisho. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF, ni vyema kuiuliza hospitali kwa maandishi ni kiasi gani kitalipwa na bima, na nani atagharamia goti lenyewe.

Baada ya upasuaji, mgonjwa husimamishwa siku hiyo hiyo au inayofuata. Anaposhangaa kuamrishwa atembee na jeraha likiwa bichi, aelewe kwamba kulala tu hukaribisha damu kuganda miguuni. Nyuzi hutolewa baada ya siku 10 hadi 14. Aliyefanyiwa upasuaji mbali, tuseme Eldoret, ashuke garini njiani anyooshe mguu, na achezeshe vifundo vya miguu akiwa ameketi.

Makosa ya nyumbani hufanywa kwa nia njema. Jamaa humwekea mgonjwa mto chini ya goti ili astarehe, na goti hujifunza kubaki limepinda. Mto uwe chini ya kisigino. Wengine hukanda kwa maji moto au kusugua dawa juu ya kovu, ilhali katika wiki za mwanzo kinachofaa ni kitambaa cha baridi juu ya bendeji kavu. Mazoezi ya kukunja na kunyoosha huuma, na hapo ndipo wengi hulegea. Goti lisilofika digrii 90 kufikia wiki ya sita laweza kuhitaji kukunjwa na daktari mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi.

Homa ikizuka, wengi hapa hufikiria malaria. Kipimo kifanywe, lakini homa inayoambatana na goti jekundu au jeraha linalotoa majimaji ni sababu ya kumrudia daktari aliyepasua siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza dawa yoyote ya bakteria kutoka dukani, kwani dawa hiyo huficha maambukizi bila kuyaponya. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, hiyo ni dharura.

Wengi huacha mikongojo kati ya wiki ya nne na ya sita, na hurudia kazi nyepesi shambani baada ya miezi mitatu hivi. Kubeba miwa na kulima kwa kuinama kutwa nzima kuepukwe, na bodaboda isubiri hadi daktari aridhike. Kupiga magoti hakulivunji goti bandia, ingawa wengi husema huwasumbua daima. Uvimbe waweza kukaa miezi sita, na nafuu huendelea kuongezeka hadi mwaka mmoja. Takriban mgonjwa mmoja kati ya watano haridhiki kikamilifu, jambo ambalo daktari anapaswa kulisema kabla karatasi ya idhini haijatiwa sahihi.