Tendo moja, kesi mbili: mwandishi wa programu aliyehama benki

Wasikilizaji na wasomaji wetu, mlio mitaani na mlio kambini, leo tunarudi nyuma hadi mwaka 2009, huko Marekani.

Sergey Aleynikov, mhamiaji kutoka Urusi, aliandika programu za kompyuta katika benki ya Goldman Sachs, New York. Zilinunua na kuuza hisa kwa kasi kuliko kufumba na kufumbua. Kampuni mpya ya Chicago, Teza, ikamwahidi zaidi ya dola milioni 1 kwa mwaka, naye akakubali. Siku yake ya mwisho kazini, tarehe 5 Juni, alituma nakala ya sehemu ya programu hizo kwenye kompyuta iliyoko Ujerumani. Tarehe 3 Julai, FBI wakamkamata uwanja wa ndege wa Newark.

Machi 2011 alihukumiwa kifungo cha miezi 97. Alikaa gerezani karibu mwaka mmoja. Februari 2012 mahakama ya rufaa ikamwachia huru. Majaji hawakumsifu, walisema alivunja ahadi ya kutunza siri. Ila sheria ya mali ya wizi ilihusu kitu kinachoshikika, na yeye hakuchukua kitu cha namna hiyo. Sheria ya siri za biashara nayo ililinda bidhaa za sokoni, wakati benki haikukusudia kuuza programu ile. Desemba mwaka huohuo Bunge likairekebisha sheria hiyo.

Je, mambo yaliishia hapo? Hapana. Agosti 2012 mwendesha mashtaka wa Manhattan alimshtaki upya kwa sheria za jimbo, kwa kuwa huko jimbo na serikali kuu huhesabiwa mamlaka mbili. Mwaka 2015 baraza la raia lilimtia hatiani kwa shtaka moja, jaji akalifuta. Mwaka 2017 likarudishwa, na 2018 mahakama kuu kuliko zote za jimbo ikalithibitisha. Miaka tisa ilikuwa imepita.

Wengi wenu mlikimbia mkiacha mashamba na vyombo, mkabaki na ujuzi wenu: kushona, kujenga, kufundisha. Ujuzi huo ni wenu, mnaweza kuupeleka kwa mwajiri yeyote. Lakini faili na karatasi za mwajiri wa zamani ziacheni kwake, au ombeni ruhusa ya maandishi kabla ya kuondoka.