Ndege Isiyotaka Kushuka

Kiangazi cha 1975, kwenye maonyesho ya kila mwaka ya watu wanaojiundia ndege huko Oshkosh, jimbo la Wisconsin, Marekani, Burt Rutan alifika na ndege iliyoonekana kama inaruka kinyumenyume. Bawa dogo lilikuwa puani, propela ilikuwa nyuma, na ncha za mabawa yake makubwa zilisimamishwa wima. Ndege hiyo, VariEze, ilijengwa kwa povu gumu lililofunikwa kitambaa cha faibaglasi na gundi ya epoksi, bila misumari ya ribiti wala maungio yaliyochomoza. Hewa iliipitia bila kupata mahali pa kushika. Kwa sababu hiyo ilikwenda mbali kwa mafuta kidogo, na kwa sababu hiyohiyo ilikuwa ngumu kuishusha.

Mafundi waliotangulia hawakuwa na shida hiyo. Mwaka 1910 jarida la Popular Mechanics lilichapisha michoro ya Demoiselle, ndege ya mianzi na hariri ya Mbrazili Alberto Santos-Dumont, ambaye hakutaka kuifungia kwa hataza. Miaka 19 baadaye, katika kijiji cha Cherry Grove, Minnesota, Bernard Pietenpol alirusha Air Camper yake ya mbao na kitambaa, iliyosukumwa na injini ya gari la Ford Model A. Ndege za aina hiyo zilijaa waya, nguzo na magurudumu yaliyoning'inia wazi. Rubani alipopunguza moto, ukinzani wa hewa ulifanya kazi yake na ndege ikashuka.

Akijikuta bado yuko juu mno, aliteleza ubavu. Aliinamisha bawa moja kwa usukani wa mkono, kisha akakanyaga pedali ya upande wa pili ili pua isigeuke. Ndege ilikwenda mbele huku imeupa upepo ubavu wake mzima, ikapoteza kimo bila kuongeza kasi. Hakukuwa na kifaa cha kununua wala uzito wa kubeba, ila ustadi ulihitajika: katika mkao huo kipima kasi huweza kudanganya, na anayevuta pua juu kupita kiasi karibu na ardhi anaweza kupoteza mnyanyuko wa bawa mahali pasipo na nafasi ya kuurudisha.

Dawa nyingine ilikuwa imeshabuniwa. Mwaka 1920, mjini Dayton, Ohio, Orville Wright na James Jacobs walitengeneza flapu iliyopasuka: kipande cha chini cha ukingo wa nyuma wa bawa kinachofunguka kuelekea ardhini huku ngozi ya juu ikibaki mahali pake. Walipata hataza mwaka 1924, lakini hitaji lake lilionekana zaidi miaka ya 1930, ndege za abiria zilipokuwa laini na za kasi. Flapu ikishushwa kidogo huongeza zaidi nguvu ya kuinua, na ndege huweza kwenda polepole bila kuanguka. Ikishushwa sana, ukinzani ndio unaozidi, na njia ya kushukia inakuwa mteremko mkali.

Waundaji wa nyumbani wengi waliikwepa, kwa kuwa kila bawaba na kila fimbo iliongeza uzito na majuma ya kazi gereji. Richard VanGrunsven hakuikwepa. Mwaka 1965 aliichukua Stits Playboy yake, akaivua mabawa ya kitambaa yaliyoshikiliwa na nguzo, akaipa mapya ya alumini yenye flapu. Hiyo ikawa RV-1, na ukoo wa ndege za RV uliofuata umejengwa kwa maelfu. Alitaka kasi angani na upole ardhini, na hakukubali kuuza kimoja ili apate kingine. Uamuzi huo unastahili heshima kuliko rekodi nyingi za mwendo.

Rutan hakuweza kumfuata. Flapu kwenye bawa kuu la VariEze, lililo nyuma ya kitovu cha uzito, ingeinua sehemu ya nyuma na kusukuma pua chini, na bawa dogo la mbele lisingekuwa na nguvu ya kuizuia. Kampuni ya Beech ilipomtumia Rutan katika usanifu wa Starship miaka ya 1980, ililazimika kufanya bawa la mbele lizunguke kila flapu ziliposhuka, mtambo ambao hakuna fundi wa gereji angeutamani. Tena bawa la mbele la VariEze lilisanifiwa lipoteze mnyanyuko kabla ya bawa kuu. Huo ni ulinzi mzuri, lakini gharama yake ni kutua kwa kasi zaidi.

Hapo ukaribu wa ardhi nao unaingia. Kimo kikiwa chini ya upana wa mabawa, ardhi hubana mizunguko ya hewa kwenye ncha zake, na sehemu ya ukinzani hutoweka. Ndege laini huelea, na njia ya kutua huliwa mita kwa mita.

Jibu la Rutan lilikuwa bamba chini ya tumbo, linalofunguliwa kwa wenzo ili kuushika upepo. Kwenye ncha za mabawa, kila usukani ulifunguka kuelekea nje tu na kwa pedali yake, hivyo rubani aliyekanyaga zote mbili kwa pamoja alipata breki nyingine ya hewa. Long-EZ, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1979, iliendeleza mpango huo. Ukinzani ulioondolewa kwa msasa na subira sasa ulirudishwa kwa dakika chache tu, rubani alipouhitaji.

Mvua ilileta somo lake. Matone kwenye bawa la mbele yaliharibu mtiririko wa hewa, pua ikaelemea chini na kasi ya kutua ikapanda. Dawa ilikuwa umbo jipya la bawa hilo, lililochorwa na John Roncz, ambalo waundaji wa Long-EZ walilikubali hata pale ilipobidi kuanza upya.

Mwaka 1986 Chris Heintz alilikabili suala la kutua kutoka upande mwingine kabisa. Zenith CH 701 yake ya alumini ina bawa nene, vibawa visivyosogea mbele ya ukingo wake, na flapu za urefu wote wa bawa ambazo pia huinamisha ndege upande. Haina haraka angani. Hutua kwenye kiwanja kifupi cha nyasi, na wajenzi wengi wenye shamba badala ya uwanja wa ndege waliichagua.